Kanisa Kuu kwa Rangi za Maji: Karatasi Mbichi, Matabaka, au Kalamu?

Anayetaka kuchora kwa rangi za maji kanisa kuu lililozama katika ukungu wa asubuhi hukutana na ugomvi kabla hajalowesha brashi. Kanisa kuu ni jengo la mistari: minara, matao, nguzo na madirisha yaliyopangwa kwa vipimo ambavyo mafundi walivihangaikia miaka mingi. Kazi ya ukungu ni kuifuta mistari hiyo hiyo. Picha ikiishika mistari yote, hewa hutoweka na kinachobaki ni ramani ya jengo. Ikiiachia hewa kila kitu, mtazamaji huona doa la kijivu na kuuliza kanisa liko wapi.

Njia tatu zimezoeleka kwa kazi hii. Ya kwanza ni kuchora juu ya karatasi iliyoloweshwa, rangi ikitambaa yenyewe ndani ya maji. Ya pili ni kuijenga picha kwa matabaka mepesi juu ya karatasi kavu, kila tabaka likisubiri lililotangulia likauke. Ya tatu ni kuchora jengo kwa kalamu ya wino na kulitandazia rangi nyepesi. Ninayaandika haya nikiwa Tabora, na mahali pana uzito katika jambo hili, kwa kuwa mafunzo mengi ya rangi za maji yametungwa na watu wa nchi za baridi na unyevunyevu, ambako karatasi mbichi humsubiri mchoraji. Karatasi ya Tabora mwezi wa Septemba haimsubiri mtu.

Vipimo vya kulinganishia

Nitazipima njia zote kwa mambo sita yale yale. La kwanza ni hewa, yaani uwezo wa njia kuonyesha ukungu, umbali, moshi wa ubani na mwanga unaopenya madirishani. La pili ni jengo: je, kanisa litatambulika na aliyewahi kusali humo? La tatu ni kukauka, kwa maana ya namna njia inavyopatana na kiangazi chetu na masika yetu. La nne ni kosa, na kama linaweza kurekebishwa. La tano ni gharama ya vifaa, na la sita ni mtu ambaye njia hiyo inamfaa.

Vipimo hivi havina uzito sawa kwa kila mtu. Aliyeagizwa picha ya kanisa la jimbo kwa ajili ya jubilei ya padri hana budi kuanza na jengo, kwa sababu waumini watayahesabu madirisha. Anayechora kwa ajili ya ukuta wa sebule yake anaweza kuanza na hewa, na hakuna atakayemdai hesabu.

Saa ya mwanga, kabla ya njia yoyote

Hewa ya picha huanzia kwenye saa aliyoichagua mchoraji. Claude Monet alilionyesha hilo kwa rangi za mafuta alipochora uso wa kanisa kuu la Rouen, Ufaransa, zaidi ya mara 30 kati ya 1892 na 1894, jengo likiwa lile lile na mwanga ukilibadilisha kila mara.

Kwetu mwanga wa mshazari ni mfupi. Tabora iko takriban nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hupita karibu utosini, kuta hukosa kivuli cha maana, na hata mnara mkubwa huonekana kama boksi lililosimamishwa. Saa inayofaa ni ile ya kwanza baada ya mapambazuko. Mwezi Julai jua huchomoza Tabora karibu saa 1 asubuhi, na Kigoma dakika 12 hivi baadaye, hivyo anayetoka nyumbani saa 12 na nusu anapata muda wa kukaa, kupanga vifaa na kuliona kanisa likitoka gizani. Kiangazi kina pia vumbi na moshi wa mashamba na mapori yanayochomwa, ambao kwa kifua ni kero lakini kwa mchoraji hufanya kazi ya ukungu: hupausha kila kilicho mbali. Mkazi wa Kigoma analijua somo hili bila kufundishwa, kwa sababu milima ya Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika hutoweka kabisa siku za kiangazi, kisha hurudi ikiwa ya bluu na karibu pindi mvua inapoiosha hewa.

Wengi tutachora kutoka picha ya simu, hasa kanisa likiwa mbali, mathalani Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu la Dar es Salaam, au lile la Durham, Uingereza, lililojengwa juu ya mwamba unaozungukwa na Mto Wear. Simu ikielekezwa juu, minara huinamiana kana kwamba inaanguka nyuma, na anayenakili bila kusahihisha huchora kosa la simu. Ni heri kusimama mbali zaidi na kuishika simu wima.

Njia ya kwanza: karatasi mbichi

Hewa. Hapa njia hii haina mpinzani. Rangi inayowekwa kwenye karatasi yenye maji haina ukingo. Mnara wa kijivu unaochorwa juu ya anga ambalo halijakauka huyeyuka kileleni kama unavyoyeyuka katika ukungu wenyewe, na jicho la mtazamaji hukamilisha kile ambacho mkono haukukichora. Bluu ya ultramarini ikichanganywa na kahawia ya siena iliyochomwa hutoa kijivu kinachofaa sana kwa makanisa, kwa sababu chembe za rangi hizo hutua kwenye mabonde ya karatasi na kuacha punje zinazofanana na jiwe la kale, bila mchoraji kuchora jiwe hata moja.

Kanuni inayotawala njia hii ni kwamba maji ya kwenye brashi yawe machache kuliko yaliyo kwenye karatasi. Yakizidi, huisukuma rangi pembeni na kuacha katikati ya anga doa lenye kingo zilizochanika kama ua la koliflawa. Karatasi hutazamwa kwa upande, dhidi ya mwanga. Inapong'aa kama kioo, rangi itakimbia mbali na umbo halitashikika. Mng'ao ukipungua ukawa kama wa ngozi iliyopakwa mafuta, rangi itasambaa kidogo na kutulia, na hapo ndipo minara huwekwa. Mng'ao ukitoweka huku karatasi ikiwa bado ya baridi kwa mgongo wa kidole, mkono uondoke, maana hiyo ndiyo saa ya madoa. Rangi pia hupauka inapokauka, na anayeogopa kuiweka nzito mwanzoni huishia na kanisa lililofifia kama nguo ya mitumba iliyofuliwa mno.

Jengo. Hapa ndipo deni linapolipwa. Matao madogo, nakshi za milango na vioo vya rangi haviwezi kuchorwa kwenye maji, kwa hiyo kinachobaki ni umbo la jumla. Kanisa linalotambulika kwa kivuli chake tu hupendeza: lile la Salisbury, Uingereza, ambalo mnara wake una urefu wa mita 123 na kilele kilichochongoka, au lile la Mtakatifu Yosefu la Mji Mkongwe, Unguja, ambalo minara yake miwili huonekana juu ya mapaa kwa anayeingia kwa boti. Kanisa lenye paa pana la bati na mnara mfupi halina bahati hiyo. Likishayeyuka, linaweza kuwa ghala la pamba.

Kukauka. Mwaka mmoja, mwezi wa Septemba, nililowesha karatasi saa 5 asubuhi nikiwa nimeacha dirisha wazi. Niliweka anga, nikageuka kuchanganya kijivu cha mnara, na niliporudi nusu ya karatasi ilikuwa imekwisha kukauka. Mstari mgumu ulilikata anga kutoka upande hadi upande kama waya wa umeme. Tangu siku hiyo huchanganya rangi zote kabla ya kugusa maji, hufunga dirisha na kuzima feni, hulowesha karatasi pande zote mbili na kuilaza juu ya kioo au plastiki ngumu, na wakati wa kiangazi kikali hutandika kitambaa kibichi chini yake. Kufanya kazi alfajiri husaidia kuliko hila zote hizo. Kando ya ziwa, hasa masika, mambo hugeuka: karatasi hubaki mbichi muda mrefu, na kinachomshinda mchoraji wa Kigoma ni subira ya kuiacha ikauke kabla ya kuongeza chochote.

Nitoke kidogo nje ya njia. Watengenezaji wengine wa rangi za maji huongeza asali katika gundi ya mgunga inayoshikanisha rangi, kwa kuwa asali hushika unyevu na kukizuia kidonge cha rangi kisipasuke. Jambo hilo humfurahisha mtu wa Unyamwezi, aliyekulia kwenye asali ya miombo, lakini asiimimine kwenye maji ya kuchorea, kwani sisimizi watafika kabla ya picha kukauka.

Kosa. Likionekana mapema, hufyonzwa kwa sponji au karatasi laini. Likikauka, mara nyingi picha imekwisha. Wanaoitumia njia hii kwa uzoefu huchora anga na minara mara tatu au nne katika karatasi tofauti na kuendelea na moja tu, jambo linalotupeleka kwenye mfuko.

Gharama. Ni njia ya gharama kubwa kuliko zote. Inahitaji karatasi ya pamba yenye uzito wa gramu 300 kwa mita ya mraba, kwa kuwa nyuzi za pamba hushika maji na kuvumilia kusuguliwa, na karatasi ya aina hiyo kwa kawaida huagizwa Dar es Salaam ikaja kwa basi au kwa mkono wa msafiri. Manila ya steshenari hujikunja kama bati lililopigwa na upepo na kuinyonya rangi kabla haijasambaa.

Anayefaa. Ni mtu anayekubali kupoteza. Humfaa mwenye karatasi za kutosha, asiye na tarehe ya kukabidhi kazi, anayetaka mtazamaji asikie ubaridi wa asubuhi kabla ya kuuliza jina la kanisa.

Njia ya pili: matabaka juu ya karatasi kavu

Hewa. Hewa ya njia hii hupangwa. Mnara wa mbali hupewa tabaka moja la kijivu chenye ubluu. Ukuta wa katikati hupewa mawili au matatu. Nguzo iliyo karibu hupewa manne au matano yenye joto la kahawia. Kwa kuwa kila tabaka linapitisha mwanga hadi kwenye weupe wa karatasi, umbali huonekana bila ukungu kuchorwa popote. Pale ambapo ukingo mkali haufai, brashi safi yenye unyevu hupitishwa pembeni mwa rangi ambayo haijakauka, na ukingo huyeyuka upande mmoja tu. Ukungu mzito wa alfajiri hauji vizuri kwa njia hii, huonekana umetungwa.

Ndani ya kanisa, hata hivyo, matabaka huyapita maji. Ukumbi mrefu wenye safu za nguzo zinazopauka kuelekea altareni, mwanga unaoshuka kwa mshazari kutoka dirisha la juu, moshi wa ubani unaoelea baada ya misa: mambo haya ni ngazi za wepesi na uzito, na ngazi hujengwa kidato kwa kidato. Mchoraji huuacha mwanga kama karatasi tupu tangu mwanzo, kisha hutandaza tabaka jepesi la manjano ya udongo kwingine kote, na baada ya hapo huuzungushia mwanga kivuli, tabaka baada ya tabaka, hadi mwanga huo ujitokeze wenyewe.

Historia ya makanisa makuu katika rangi za maji ina deni kubwa kwa njia hii. Thomas Girtin na J. M. W. Turner, Waingereza wawili waliozaliwa mwaka mmoja, 1775, walichora makanisa makuu tangu ujana wao, Girtin akiwa na Durham na Turner akiwa na Salisbury, na waliyaondoa majengo hayo katika mtindo wa zamani wa michoro ya mistari iliyopakwa kijivu, wakayapa uzito, anga na hali ya hewa. Girtin alifariki 1802 akiwa na miaka 27. Turner aliendelea hadi 1851, na hakujifunga kwenye njia moja: alilowesha, alitandaza, alifuta, na alikwangua mwanga kwa ukucha.

Jengo. Njia hii hulihifadhi vizuri. Mchoro wa penseli hubaki ukionekana chini ya matabaka ya mwanzo, kwa hiyo mstari wa usawa wa macho, mielekeo ya matao na idadi ya madirisha havipotei. Mchoraji akikosea penseli, matabaka yatalitunza kosa hilo kwa uaminifu ule ule.

Kukauka. Kiangazi cha Tabora, kilichokuwa adui katika njia ya kwanza, hapa ni msaidizi. Tabaka jepesi hukauka kwa dakika chache, na picha yenye matabaka matano inaweza kumalizika asubuhi moja. Hatari yake ni kwamba mtandazo mpana wa anga nao hukauka kabla haujakamilika, hivyo ubao uinamishwe kidogo na tone la rangi livutwe chini bila kusimama. Kigoma wakati wa mvua kila tabaka hudai kusubiriwa, na asiye na subira hulikoroga la chini kwa brashi ya la juu.

Kosa. Tabaka moja lililokosewa linaweza kulainishwa kwa brashi yenye maji na kufyonzwa, hasa rangi ikiwa ya aina isiyozama sana katika karatasi. Kosa kubwa la njia hii huja polepole: ni tamaa ya kuongeza tabaka moja zaidi. Baada ya la tano au la sita mwanga haurudi tena kutoka kwenye karatasi, na ukuta wa kanisa huwa tope. Weupe ukishafunikwa haurudi ulivyokuwa, ijapokuwa kukwangua kwa wembe hurejesha cheche ndogo kwenye msalaba wa paani au kwenye ukingo wa dirisha.

Gharama. Ni ya kati. Karatasi ya kawaida ya rangi za maji, isiyo ya pamba, inatosha kwa picha ndogo ikibanwa pande zote kwa maskintepu juu ya ubao, na rangi tano au sita zinatosha kanisa zima.

Anayefaa. Ni mwenye tabia ya kupanga, anayeweza kuketi na picha siku mbili bila kuichokonoa, na kwa hakika anayechora ndani ya kanisa.

Njia ya tatu: kalamu na rangi nyepesi

Hewa. Kwa kipimo hiki njia ya kalamu huanza nyuma, kwa sababu mstari wa wino ni ukingo usioyeyuka. Haimaanishi kwamba haina hewa. Samuel Prout, Mwingereza aliyeishi kati ya 1783 na 1852, alijulikana kwa kuchora majengo ya zamani ya Ulaya kwa mstari uliokatikakatika, unaotetemeka kidogo, na mwanga hupita katika mianya ya mstari wa namna hiyo. Siri iko katika kuacha. Upande wa jengo unaopigwa na jua hauhitaji mstari mzima. Mnara wa mbali huchorwa kwa wino wa kahawia uliozimuliwa kwa maji, na kilele chake huachwa bila mstari, rangi peke yake ikikichukua. Anayezungusha wino mweusi kila mahali kwa uzito mmoja hupata picha ya kitabu cha watoto cha kupaka rangi.

Jengo. Hapa kalamu inaongoza. Hupokea kila nakshi, kila tao na kila kizingiti, na ndiyo njia ya kuchagua pale picha inapotakiwa kuwa kumbukumbu ya jengo. Anayetaka kuuzoeza mkono wake kabla ya kukabili kanisa kuu ana walimu karibu: stesheni ya reli ya Kigoma na matao yake, mwisho wa reli iliyofika huko 1914, au tembe la Livingstone pale Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora. Atakayeuweza mlango wa nakshi ataliweza na lango la kanisa.

Kukauka. Hali ya hewa haiidhuru sana, kwa kuwa jengo limekwisha kushikwa na wino na rangi inayofuata ni kidogo. Sharti ni wino usioyeyuka kwenye maji, nao uachwe ukauke kabisa. Wino wa kalamu nyingi za kuandikia zinazojazwa wino huyeyuka na kulitia kanisa zima rangi ya bluu. Peni ya kawaida ya mwanafunzi, ambayo wino wake una mafuta, hustahimili maji vizuri, ila mwanga huupausha wino huo kadiri miaka inavyokwenda. Inafaa kwa mazoezi, na haifai kwa picha inayouzwa.

Kosa. Wino haufutiki. Mstari uliokosewa huishi na mchoraji hadi mwisho, ingawa mstari sahihi uliochorwa kando yake mara nyingi huufanya wa kwanza uonekane kama sehemu ya mtetemo. Rangi yenyewe haina hatari kubwa, kwani mzigo wote uko kwenye mistari.

Gharama. Ni ndogo kuliko zote. Karatasi nyororo ya gramu 200 inatosha, na ni bora kuliko ile ya mikwaruzo, ambayo hukwaza ncha ya kalamu. Boksi dogo la rangi, brashi moja na kalamu mbili huingia kwenye mkoba wa kwendea misa.

Anayefaa. Ni anayechora papo hapo, akiwa amekaa kwenye kivuli cha mwembe ng'ambo ya barabara huku watu wakipita na kuuliza. Ni pia anayeandaa picha ya kuchapishwa, kwa sababu mchoro wa mistari huvumilia fotokopi nyeusi na nyeupe ya kijitabu cha ibada, ilhali ukungu wa karatasi mbichi hutoka kwenye mashine hiyo kama uchafu.

Kuchanganya, na kuhifadhi

Njia hizi si ndoa. Wachoraji wengi huweka anga na mnara wa mbali kwenye karatasi mbichi, huiacha ikauke, kisha hujenga lango na ukuta wa mbele kwa matabaka. Mimi hupendelea mchanganyiko huo kwa makanisa yanayotazamwa kutoka nje, na sioni haya kuongeza mistari michache ya wino wa kahawia kwenye ngazi za chini, mahali ambapo jicho linatafuta pa kukanyaga. Kinachoharibu ni kurudi nyuma, yaani kulowesha upya sehemu iliyokwisha kujengwa kwa matabaka.

Kwa njia zote, picha iwekwe nyuma ya kioo pamoja na pambizo la kadibodi ili karatasi isikiguse kioo, na isitundikwe mkabala na dirisha la magharibi. Lugha yetu inaita ukungu ule unaopendeza juu ya minara na ule unaoota kwenye karatasi yenye unyevu kwa jina moja. Kigoma, mgongo wa fremu uachiwe nafasi ndogo ukutani ili ukungu wa pili usije kuumeza wa kwanza. Tabora hofu kubwa ni mchwa, na fremu isiegemezwe sakafuni hata kwa wiki moja.

Kwa hali yako

Ikiwa umeagizwa picha ya kanisa kuu la jimbo lako na tarehe imekwisha kutajwa, anza na kalamu au matabaka, kwa kuwa njia hizo mbili hukuwezesha kujua leo kazi itakuwaje kesho. Mwenye agizo akisisitiza ukungu, mpe ukungu katika anga na miguuni pa jengo, na umwachie lango na madirisha yake.

Ikiwa unachora kwa ajili yako, una karatasi nzuri tatu au zaidi, na kanisa lina mnara wa kutambulika kwa mbali, jaribu karatasi mbichi, alfajiri, dirisha limefungwa. Ikiwa ni Septemba au Oktoba na unaishi Tabora, subiri mvua za Novemba au punguza ukubwa wa picha hadi nusu ya karatasi ya A4, ambayo mkono unaweza kuimaliza kabla ya jua kuiwahi.

Ikiwa kinachokuvuta ni ndani ya kanisa, nguzo na mwanga wa dirishani, chagua matabaka hata kama marafiki wote wanachora kwenye maji. Omba ruhusa, kaa nyuma, chora penseli tu humo ndani na utie rangi nyumbani. Kopo la maji machafu kwenye benchi la kanisa halijawahi kumfurahisha mhudumu yeyote.

Ikiwa ndiyo mara yako ya kwanza kushika rangi za maji, au unafundisha vijana wa kwaya wenye boksi moja la rangi kwa watu wanane, kalamu itawapa kila mmoja kanisa la kupeleka nyumbani siku hiyo hiyo.

Na ikiwa imebaki karatasi moja tu ya pamba na bado hujui, ikate vipande vinne. Kwenye vitatu chora mnara ule ule kwa njia tatu, saa ile ile ya asubuhi, na uvitundike mahali unapopita kila siku kwa wiki moja. Kile cha nne kiache cheupe hadi ujue kimoja kati ya vitatu ambacho umekuwa ukisimama kukitazama.